Siko seli, virusi na chupa isiyo na namba

Wiki hizi simu zetu hazinyamazi. Wazazi wenye watoto wa siko seli, Unguja na Pemba, wanauliza "sindano ya virusi", yaani tiba ya jeni ya ugonjwa huo, inapatikana wapi. Mama mmoja wa Wete alinitumia picha ya chupa aliyouziwa: haina namba ya toleo, haina jina la mtengenezaji, haina tarehe ya kumalizika.

Hiyo si tiba ya jeni. Katika tiba yenyewe, seli shina za mgonjwa mwenyewe, zile zinazozalisha damu, huchujwa damuni kwa mashine na kupelekwa maabara, na huko lentivirusi, kirusi kinachotumika kubeba jeni, huziingizia jeni ya himoglobini inayofanya kazi vizuri. Kisha mgonjwa hupewa busalfani, dawa kali inayosafisha uboho ili seli hizo zikirudi zipate pa kukaa. Hulazwa kwa wiki kadhaa. Marekani iliruhusu tiba hii, kwa jina la Lyfgenia, Desemba 2023 kwa wenye miaka 12 na zaidi. Bei yake dola milioni 3.1, tena ina onyo la saratani ya damu. Casgevy, tiba nyingine ya jeni iliyoruhusiwa siku hiyo hiyo, haitumii virusi kabisa.

Na jamani, tuachane na maneno ya "wanawatia watoto ukimwi". Kirusi hicho cha kubebea jeni kimetengenezwa kutokana na VVU, ndiyo, lakini kimeondolewa sehemu za kuzaliana. Hakiambukizi. Ila baadhi ya vipimo vya VVU vinaweza kutoa jibu la uongo baadaye, kwa hiyo aliyetibiwa hivyo amwambie daktari kabla ya kupimwa.

Mtu akikwambia mwanao amechaguliwa kwenye utafiti, mwombe akuonyeshe kibali cha Kamati ya Maadili ya Utafiti wa Afya Zanzibar, ZAHREC. Fomu ya ridhaa isomwe kwa Kiswahili. Uulize, uende nayo nyumbani ukashauriane, ndipo usaini na ubaki na nakala. Kujitoa ni siku yoyote, bila kunyimwa matibabu ya kawaida. Akikudai fedha ya kuingia, ondoka. Dawa inayouzwa lazima iwe imesajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa, ZFDA; isiyosajiliwa hukamatwa, na muuzaji anaweza kufikishwa mahakamani.

Kilichoniumiza ni kwamba mama yule alikuwa ameshamwachisha mwanawe haidroksiurea, dawa yake ya siko seli ya kliniki, akingoja chupa ifanye kazi. Wiki ya tatu mtoto alilia miguu usiku kucha. Msimwachishe mtoto dawa za kliniki bila daktari wake kujua. Chupa za namna hiyo msizitupe: zileteni kwetu, pamoja na namba ya simu ya aliyewauzia.