Jeannette Rankin hakuwa peke yake mwaka 1917

Husemwa mara nyingi kwamba Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, ndiye mbunge pekee aliyekataa nchi yake iingie Vita Kuu ya Kwanza. Sivyo. Alfajiri ya Aprili 6, 1917, Baraza la Wawakilishi lilipitisha vita kwa kura 373 dhidi ya 50. Yeye alikuwa mmoja tu wa hao 50. Waliobaki wote walikuwa wanaume, na mzigo wa lawama haukuwaelemea kama ulivyomwelemea yeye. Siku mbili kabla, maseneta 6 walikuwa wamekataa pia.

Watu huchanganya vita viwili. Alisimama peke yake Desemba 8, 1941, siku moja baada ya Japani kushambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor: kura 388 kwa 1, yake, za kutangaza vita dhidi ya Japani.

Wala kura ya 1917 siyo pekee iliyomtoa bungeni mara ya kwanza, kabla hajarudi. Montana ilikuwa imegawanywa wilaya mbili za uchaguzi, na yake ilikuwa ngome ya chama cha Democratic ilhali yeye ni wa chama cha Republican. Ndipo mwaka 1918 akajaribu useneta, akashindwa.