"Sorry": ni pole au ni samahani?

Mtu akijikwaa mbele yako unamwambia pole. Ukimkanyaga wewe, unasema samahani, au niwie radhi. Kiswahili kimeyatenga mambo haya mawili, Kiingereza kimeyafunga yote katika "sorry". Ndiyo maana ukimwambia Mwingereza aliyejikwaa "sorry", anaweza kukujibu kwamba si kosa lako. Hajakudharau. Wewe umetoa pole, yeye kasikia samahani.

Neno "sorry" lilitoka katika Kiingereza cha kale, "sarig", yaani mwenye uchungu au majonzi. Ni ndugu wa "sore", kuuma, wala mzizi wake si mmoja na "sorrow", huzuni, japo yanafanana mno. Basi "I'm sorry" kiasili ni "nina uchungu" tu. Uchungu wa kukuhurumia au wa kujutia kosa? Hilo neno lenyewe halisemi, linaamuliwa na yaliyolizunguka. "I'm sorry for your loss" ni pole ya msiba, na msemaji hajakiri kumuua mtu! "Sorry I'm late" ni kuomba radhi. "Sorry to hear that" ni pole.

Wanasiasa wanaujua vizuri uzito wake. Mwaka 1999, serikali ya John Howard ilipokuwa madarakani Australia, Bunge lilipitisha azimio la masikitiko juu ya dhuluma walizotendewa wenyeji wa asili. Lilichagua "regret", likaikwepa "sorry". Wengi hawakuridhika, kwani kusikitika anaweza hata mpita njia. Ilikuwa tarehe 13 Februari 2008 ndipo Waziri Mkuu Kevin Rudd alipoitamka "sorry" bungeni, kwa wale wenyeji wa asili waliochukuliwa kwa wazazi wao wangali watoto.

Matumizi mengine ni mepesi. "Sorry?" sauti ikipanda mwishoni ni "unasemaje?", yaani hakusikia, rudia. "Sorry, but..." jiandae, unapingwa.

La kuangalia ni pale linapotangulia nomino: hapo halina pole wala samahani, ni sifa ya kitu duni, cha kusikitisha. Nyumba iliyobomoka ni "a sorry sight". Na bosi akikuambia umeleta "a sorry excuse", usidhani ameupokea udhuru wako; anasema hauna kichwa wala miguu.