Hedifoni Zilizozibwa Nyuma: Yanayosemwa Dukani na Yanayosikika Masikioni

Mnunuzi anayesimama mbele ya kabati la vioo, iwe ni Kariakoo au Luthuli Avenue, husomewa namba: omu 250, milimita 50, hezi 5 hadi 35,000. Namba hizo kwa kawaida si za uongo. Tatizo ni kwamba hedifoni zilizozibwa nyuma, yaani zile ambazo vikombe vyake havikuachwa wazi kupitisha sauti upande wa nje, hutegemea jambo moja ambalo halichapwi kwenye boksi lolote, nalo ni namna mto wa sikio unavyoshikana na kichwa cha mvaaji. Dhana nyingi potofu kuhusu ubora wa sauti, starehe na uimara wa hedifoni hizi huzaliwa pale jambo hilo linaposahauliwa.

"Zikizibwa nyuma, kelele zote hubaki nje"

Kinachobaki nje ni baadhi tu ya kelele. Sauti nyembamba, kama soga za watu na mlio wa vijiko na sahani, hukatwa vizuri na plastiki na sponji. Sauti nzito, kama mngurumo wa jenereta au injini ya daladala, hupenya karibu kama zilivyo, kwa sababu wimbi la hezi 100, yaani linalotetema mara 100 kwa sekunde, lina urefu wa zaidi ya mita tatu na kikombe chepesi hakiwezi kulizuia. Watengenezaji Sennheiser wanasema hedifoni yao ya HD 280 Pro hupunguza kelele kwa hadi desibeli 32 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), na wenzao Beyerdynamic wanataja takriban desibeli 18 kwa DT 770 Pro. Tofauti hiyo ni ya kweli na husikika, ila neno "hadi" lisomwe kwa makini, maana kiwango cha juu kabisa hakipatikani kwa sauti zote, kuanzia nzito hadi nyembamba.

Hedifoni zinazofuta kelele kwa mikrofoni na umeme hufanya kazi kinyume cha hapo, kwa kuwa hodari zaidi kwenye mngurumo na dhaifu zaidi kwenye sauti nyembamba. Kwa hiyo anayesafiri kwa basi kila siku huenda akafaidika zaidi nazo kuliko na hedifoni za studio kama hizo mbili, hata kama za studio zina sifa kubwa zaidi mitaani.

Faida isiyotajwa sana ya kuzuia kelele ni kwamba msikilizaji hahitaji kupandisha sauti ili kuzishinda. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 muda wa saa 40 kwa wiki bila madhara, lakini kwa desibeli 90 muda huo hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki nzima.

"Hedifoni za aina hii zina besi nyingi kwa asili yake"

Hapa ndipo penye mzizi wa mambo. Kiwambo cha spika ndogo iliyomo ndani ya kikombe husukuma hewa katika chumba kidogo kilichopo kati yake na sikio. Chumba hicho kikizibwa vizuri na mto, hata msukumo mdogo huleta shinikizo la kutosha kusikika kama besi nzito; kukiwa na mwanya, shinikizo huvuja, na sauti za chini ndizo zinazotangulia kupotea huku za kati na za juu zikibaki karibu zilivyokuwa. Matokeo yake ni muziki mwembamba wenye makali, ambao msikilizaji huulaumia kiwanda ilhali sababu iko pembeni ya uso wake.

Mwanya huo hauhitaji kuwa mkubwa. Mkono wa miwani unatosha. Mtandio uliokunjwa mara mbili chini ya mto unatosha, na vivyo hivyo kofia iliyoshuka hadi masikioni au nywele zilizosukwa rasta nene. Ndiyo maana watu wawili wanaweza kuvaa hedifoni ileile, mmoja akaapa kwamba besi inatikisa ubongo na mwingine akasema haina besi kabisa, na wote wawili wakawa wakweli. Maoni ya mchambuzi asiyevaa miwani hayamsaidii sana mvaa miwani, na bado sijaona maduka mengi yanayomwambia mteja jambo hilo.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo halihitaji kifaa chochote. Vaa hedifoni jinsi unavyozivaa siku zote, pamoja na miwani au mtandio wako, cheza wimbo wenye besi ndefu isiyokatika, kisha sukuma vikombe taratibu kwa vidole kuelekea kichwani. Besi ikiongezeka sana, ujue kabla ya hapo ilikuwa inavuja, na hedifoni hizo hazikukukaa.

Kuziba nyuma kwenyewe hakuleti besi. Hedifoni nyingi zinazoitwa zilizofungwa zina vitundu vidogo vilivyotobolewa kwa makusudi ili kurekebisha sauti za chini. DT 770 Pro imekuwa ikitangazwa waziwazi kwa mfumo huo wa kupumulisha besi. Kinacholetwa kweli na kuziba ni tatizo lingine: sauti inayotoka mgongoni mwa kiwambo haina pa kwenda, hivyo hugonga ukuta wa kikombe na kurudi, ikiacha rangi yake juu ya muziki. Watengenezaji hujaza sponji na vitambaa ili kuimeza. Kwa hiyo wanaosema hedifoni za wazi husikika pana zaidi hawajakosea, ila mwimbaji aliye mbele ya mikrofoni hawezi kuzitumia bila mdundo kuvuja na kurekodiwa pamoja na sauti yake.

"Zimeandikwa studio, basi sauti yake ni sawasawa"

Sony MDR-7506 ipo sokoni tangu 1991 na DT 770 tangu miaka ya 1980, na zote mbili zimeingia katika studio na vituo vya redio vingi sana duniani. Hata hivyo hazifanani hata kidogo. MDR-7506 huweka mbele sauti za juu, kiasi kwamba mate ya mtangazaji na mlio wa kiti husikika wazi, na hiyo ndiyo sababu mafundi wa kurekodi mazungumzo wanaipenda. DT 770 Pro huinua besi na kuinua tena sauti za juu, hasa karibu na hezi 8,000, ambako herufi "s" hukwaruza masikio ya baadhi ya watu. Zote mbili hazina usawa, yaani hazitoi sauti za chini, za kati na za juu kwa kiasi kimoja, na hazikuhitaji kuwa nao ili kufanya kazi ya kukagua kama rekodi ina kasoro.

Iliyofuata njia nyingine ni AKG K371 ya mwaka 2019. Hiyo ilitengenezwa kwa kufuata mstari wa mchoro, unaoonyesha kila sauti ya chini, ya kati au ya juu isikike kwa kiasi gani, uliotokana na majaribio ya wasikilizaji yaliyoongozwa na Sean Olive katika kampuni ya Harman, ambayo ndiyo inayomiliki AKG. Mstari huo nao si bapa: wasikilizaji wengi walipendelea besi iliyoinuliwa kiasi. Lakini K371 nayo, ikivaliwa juu ya miwani, hupoteza besi hiyohiyo iliyotafutwa kwa utafiti wa miaka.

"Omu nyingi ni ubora zaidi"

Omu hupima ukinzani wa koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, dhidi ya umeme. Hazipimi ubora wa sauti. DT 770 Pro imeuzwa kwa miaka mingi katika matoleo ya omu 32, 80 na 250, na mteja huambiwa la 250 ndilo "la wataalamu". Hesabu yenyewe si ngumu. Mtengenezaji anataja desibeli 96 kwa kila miliwati moja. Ili kupata miliwati hiyo, toleo la omu 250 linahitaji nusu volti, na la omu 80 linahitaji takriban volti 0.28. Kifaa kinachotoa nusu volti tu kitaifikisha ya omu 250 kwenye desibeli 96 na kuishia hapo, wakati ya omu 80 itapanda kama desibeli 5 zaidi kwa kifaa hichohicho. Anayesikilizia simu akanunua omu 250 atajikuta amebakisha sauti kidogo mkononi, kisha ataambiwa anunue amplifaya. Pengine duka linayo.

"Namba kubwa, spika kubwa, bei kubwa"

Hezi 35,000 zinazotajwa kwenye boksi ni za popo. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, na umri hupunguza zaidi. Ukubwa wa kiwambo nao hausemi mengi: MDR-7506 ina milimita 40, Audio-Technica ATH-M50x ina 45, K371 ina 50, na hakuna anayeweza kuzipanga kwa ubora akifumba macho kwa kufuata milimita hizo. Kuhusu bei, mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283 katika jarida la chama cha akustika cha Marekani, akalinganisha mwenendo wa sauti yake na bei ya dukani, na hakuona uhusiano. Pesa huweza kununua waya bora, mito bora, bawaba bora na vipuri. Hizo ni sababu halali za kulipa zaidi, lakini ni sababu za aina nyingine.

"Chuma hudumu, plastiki huvunjika"

Sennheiser HD 25 ilizaliwa mwaka 1988, karibu yote ni plastiki, ina uzito wa gramu 140 hivi bila waya, na madij wameitupa kwenye mabegi kwa zaidi ya miaka 30. Uimara wake hautokani na ugumu wa umbo. Inaweza kufunguliwa: waya, upinde wa kichwani, mito na hata spika zenyewe hununuliwa kimojakimoja na kubadilishwa bila kulehemu. Hedifoni ya chuma inayopendeza kwa macho lakini isiyo na kipuri hata kimoja hufa siku bawaba yake inapolegea. Waya ni mtego mwingine. ATH-M50x huja na waya tatu zinazochomoka, ingawa kichomeo chake cha milimita 2.5 si cha kawaida na huwezi kuchomeka waya wowote wa jirani. DT 770 Pro iliyozoeleka ina waya uliofungwa moja kwa moja, ambao ukikatika unahitaji fundi, na ni DT 770 Pro X ya mwaka 2024 iliyokuja na waya unaochomoka.

Wala uzito mdogo haumaanishi starehe. HD 25 ni nyepesi kuliko zote nilizozitaja, lakini hukaa juu ya sikio na kulibana, hivyo baada ya saa moja sikio linadai haki yake. HD 280 Pro ina gramu 285, inazunguka sikio, na bado wengi huilalamikia kwa kubana, kubana kulekule kunakoipa uwezo wake wa kuzuia kelele. Ukiupinda upinde ili upumzike, umefungua mwanya wa besi kuvuja.

"Zipigie muziki saa 100 kwanza zizoee"

Kiwambo hubadilika kidogo mno katika saa zake za kwanza. Kinachozoea ni sponji ya mto, ambayo huchukua umbo la kichwa, hulainika na kusogeza sikio karibu na spika, pamoja na ubongo wa mvaaji mwenyewe.

Mto huohuo ndio unaochakaa kwanza, na katika pwani yetu huchakaa upesi. Ngozi bandia ya poliyurethani huvunjwavunjwa na unyevu na joto, hata ikiwa imekaa ndani ya boksi, hadi ikaanza kubanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni. Niliwahi kutoa hedifoni kabatini baada ya misimu miwili ya mvua nikakuta mito imekuwa maganda. Mito ya mahameli ya DT 770 Pro haina tatizo hilo na haichemshi masikio, ila hufyonza jasho, na inahitaji kuoshwa. Wengi hukimbilia mito ya bei nafuu isiyo ya mtengenezaji, wakidhani mto ni mto. Unene ukiongezeka milimita chache, spika husogea mbali na sikio. Ngozi ikiwekwa mahali pa mahameli, besi na sauti za juu hubadilika pamoja. Aliyekuwa na DT 770 Pro na akaivika mito ya namna hiyo anasikiliza hedifoni nyingine, yenye nembo ya Beyerdynamic.