Maana ya kuasili mtoto nje ya nchi, na kwa nini sio kulea

Siku hizi kila mtoto akionekana kapanda ndege na mtu asiye mama yake, watu washasema kaasiliwa. Kapelekwa Muscat kwa mamdogo wake akasome, kaasiliwa. Kuna mfadhili yuko Ulaya anamlipia skuli na kila mwaka anatumiwa picha yake, kaasiliwa. Kachukuliwa na shangazi yake Wete kaletwa mjini, na huyo pia kaasiliwa. Hapana jamani. Hilo neno lina uzito mkubwa wa kisheria, na tukilipaka kila mahali ipo siku mzazi atawekewa karatasi mbele yake atie dole gumba akidhani anaruhusu mwanawe akalelewe, kumbe anaukata uzazi wake.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kuasili mtoto ni pale mahakama, au mamlaka nyengine iliyopewa kazi hiyo na sheria, inapomfanya mtoto awe mtoto wa watu wengine kisheria, moja kwa moja, kama kwamba wamemzaa wao. Kuasili nje ya nchi ni hivyo hivyo ila wazazi wapya wanaishi nchi moja na mtoto yuko nchi nyengine. Wanakaguliwa kwanza huko kwao, nyumba yao, kipato, afya, kama wana kesi yoyote, kisha wanasafiri kumfata mtoto, wanakaa wiki kadhaa au miezi wakingoja hukumu na viza, halafu wanaondoka naye. Basi, ndo hiyo.

Watu wengi wanashika hiyo safari na kuiwacha hukumu. Safari sio kitu. Mtoto anaweza kukaa London miaka kumi kwa mjomba wake na asiwe ameasiliwa hata siku moja, na mwengine akaasiliwa asitoke hata nje ya mji aliozaliwa. Kinachofanya kuasili ni ile hukumu, na kwa nchi nyingi wanazokwenda watoto hawa hukumu hiyo inakata kila kitu cha nyuma. Mama aliyezaa si mama tena kwa sheria, babu si babu, kaka na dada si ndugu tena mbele ya serikali. Mtoto anapewa jina la ukoo jipya. Huko Marekani majimbo mengi yanatoa cheti kipya cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wapya na kile cha zamani kinafungiwa. Ufaransa wana namna mbili, moja inamwachia mtoto uhusiano na kwao na nyengine inaufuta wote, na wengi walioleta watoto kutoka nje wametumia hiyo ya kufuta.

Hapo ndipo lugha yetu inapotuchanganya kidogo maana neno lenyewe limejengwa juu ya asili. Ukimwasili mtoto unampa asili yako, unamuingiza kwenye shina lako. Kulea ni kitu kingine kabisa. Sisi huku Zanzibar kulea tunakujua tangu zamani, nusu ya watu ninaowajua wamelelewa na bibi, na mama mkubwa, na jirani asiyejaaliwa mtoto, na hakuna aliyebadilishwa jina. Mtoto wa Juma Haji atabaki kuwa wa Juma Haji hata akila na kulala kwa Bi Fatma mpaka anaolewa, na siku ya harusi walii wake wa kumuozesha ni babake au wa ukoo wa babake. Bi Fatma ana heshima yake ya umama, ataitwa mama, atasikilizwa kuliko mtu yeyote, lakini nasaba iko palepale.

Na hii sio mila tu. Suratul Ahzab aya ya nne na ya tano zimelisema wazi, watoto wa kupanga waitwe kwa majina ya baba zao. Zaid bin Haritha, mtoto wa kupanga wa Mtume, alikuwa akiitwa Zaid bin Muhammad kabla ya hapo, ziliposhuka akarudi kuitwa kwa babake Haritha, na hakuna aliyeacha kumpenda. Mirathi nayo inafata nasaba hiyo, mtoto wa kulea harithi kwa fungu, ila mlezi anaweza kumuusia katika thuluthi ya mali yake. Na kwa wale wenye kitoto kichanga kuna njia ya ziwa, mlezi akimnyonyesha kabla hajatimiza miaka miwili, na kwa madhehebu ya Shafi ambayo ndo ya wengi wetu iwe mara tano mbalimbali, anakuwa mwanawe wa ziwa na watoto wake wanakuwa ndugu zake wa ziwa, hawaoani. Huo ni udugu unaoongezwa juu ya ule wa kuzaliwa bila kuufuta. Kumlea yatima kumesifiwa sana kwenye dini, Mtume alionesha vidole viwili kuonesha ukaribu wa mlezi wa yatima naye peponi, kwa hiyo asije mtu akasema kwamba Uislamu haupendi watoto wa watu. Unachokataa ni kumbadilisha nasaba.

Kuubeba ulezi huo kwa dhamana, chakula chake, skuli yake, ulinzi wake, ndo kunaitwa kafala. Na hapa tena kuna mchanganyiko mwengine, maana ukitaja kafala kwetu watu wanakumbuka kafili wa Muscat au Dubai anayeshika viza na mkataba wa mfanyakazi. Ni mzizi mmoja wa Kiarabu, mzizi wa dhamana, lakini kafala ya mtoto haihusiani kabisa na mambo ya viza za kazi. Kafala ya mtoto inatambuliwa hata na Umoja wa Mataifa, Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 kwenye kifungu cha 20 umeitaja kwa jina lake pamoja na malezi ya kambo, yaani mtoto kuwekwa kwa familia nyengine kulelewa tu, na kuasili, kama njia zilizo mbalimbali. Wameziandika mbalimbali kwa sababu ziko mbalimbali. Na zipo nchi zinazoiheshimu tofauti hiyo mpaka kwao, Ufaransa kwa sheria ya 2001 haimruhusu mtu kumwasili mtoto ambaye sheria ya nchi yake inakataza kuasili, labda awe kazaliwa Ufaransa na ndiko anakoishi. Kwa hiyo mtoto wa Morocco au Algeria aliyechukuliwa kwa kafala akipelekwa Paris anabaki wa kafala.

Kwa nini nang'ang'ania hivi. Kwa sababu mkanganyiko huu ushaumiza watu, tena watu wa visiwa kama sisi. Visiwa vya Marshall huko Pasifiki wana desturi ya kupeana watoto kulea inayofanana sana na yetu, mtoto anakwenda kwa ndugu au kwa rafiki wa familia na mlango unabaki wazi, anakuja, anakwenda, anajua kwao. Miaka ya 1990 mawakala wa Kimarekani wakaingia, mama akiambiwa kuhusu kuasili anaelewa ile desturi yake, mwanangu anakwenda kusoma kwa watu wenye uwezo na atarudi na wataniandikia, kumbe Marekani ile karatasi inamaanisha basi, imekwisha. Ilifika mpaka makubaliano ya nchi hizo mbili yakakataza mwanamke wa Marshall kuingia Marekani bila viza maalum kwa ajili ya kwenda kutoa mtoto aasiliwe, na bado aliendelea kuwasafirisha wajawazito wakili mmoja wa Arizona aliyekuwa pia na cheo cha kuchaguliwa, Paul Petersen, mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita. Na karibu zaidi, Malawi 2006, Madonna, yule muimbaji wa Marekani, alipochukua mtoto wake wa kwanza kutoka kule, baba mzazi aliwaambia waandishi kwamba hakufahamu kuwa anamtoa moja kwa moja, baadae akasema karidhika. Karidhika, sawa, lakini ile kauli ya kwanza ndo inayonikaa kichwani, maana ndo kauli ambayo ingetoka Micheweni au Makunduchi kesho ikija hali hiyo.

Sisemi kuasili ni kubaya. Kuna mtoto hana kabisa mtu duniani na familia ikamfata kutoka mbali kwa moyo safi ikamlea vizuri, na asiye Muislamu ana hukumu zake za dini na zake za sheria. Ninachosema kiitwe jina lake. Ulimwengu wenyewe umeshtuka, ndo maana kuna Mkataba wa The Hague wa tarehe 29 Mei 1993 unaotaka kwanza itafutwe familia hapo hapo nchini kwake, na ridhaa ya mzazi itolewe baada ya kuelezwa athari zake zote, isinunuliwe kwa pesa, na ya mama itolewe baada ya kujifungua sio kabla. Kenya wamo kwenye mkataba huo na bado 2014 walisimamisha wageni kuasili. Ethiopia wamefunga 2018. China 2024. Korea Kusini ambako watoto wengi sana wametolewa tangu vita vya 1950 sasa wapo watu wazima waliofukuzwa Marekani kwa kuwa wazazi wao wapya hawakuwaombea uraia, wanarudi nchi wasiyoijua hata lugha yake.

Na kwetu, maana ndo swali linalofata kila mara. Sheria ya Mtoto ya Bara ya 2009 ndo ile inayomtaka mgeni awe ameishi Tanzania miaka mitatu mfululizo kabla hajaomba kuasili, kwa hiyo hata huko Bara habari ya kuja wiki mbili ukaondoka na mtoto haipo. Zanzibar tuna yetu, Sheria ya Mtoto Namba 6 ya 2011, na kafala imo humo, haikuachwa iwe mambo ya mtaani tu. Mambo ya watoto sio ya Muungano lakini pasipoti na uhamiaji ni ya Muungano, ndo maana mtu akianza mipango hii bila kupita Ustawi wa Jamii anakwama njiani, au mbaya zaidi hakwami. Barua ya sheha, yule kiongozi wa mtaa, si hukumu ya kuasili. Barua ya mzazi aliyeridhia mwanawe asafiri si hukumu ya kuasili. Risiti za ada ya skuli ndo kabisa.

Basi yule wa Muscat kwa mamdogo wake tuseme kapelekwa kulelewa. Anayelipiwa na mtu wa Ulaya ana mfadhili. Aliyekabidhiwa mlezi kwa dhamana na jina la babake likabaki yuko kwenye kafala. Na akija mtu na karatasi inayosema kuasili, hata kama ni mtu mwema na anaongea vizuri, muulize hapo hapo kabla kalamu haijashikwa, mtoto ataitwa nani bin nani, na mamake akitaka kumuona ana haki gani, kisha mwambie akuoneshe hilo jibu lilipoandikwa.