Kabla ya ERCP, uliza kuhusu kile kidonge cha njia ya nyuma

Mgonjwa anayepewa rufaa kutoka huku kwetu Mbeya kwenda Dar es Salaam kufanyiwa ERCP, yaani kipimo na tiba ya njia ya nyongo kwa mpira wa kamera, huniuliza mambo mawili: ni shilingi ngapi, na je, nitapasuliwa? La kwanza namwelekeza kwa watu wa bima. La pili namjibu kwa raha, kwa sababu hapasuliwi. Kuna swali la tatu ambalo karibu hakuna anayeliuliza: kongosho langu litakingwaje lisivimbe baada ya hapo? Mimi ni daktari bingwa wa mfumo wa chakula, na ningependa hilo ndilo liwe swali la kwanza.

Nieleze kwanza kinachofanyika. Mpira mrefu wenye kamera unapitishwa mdomoni, unashuka tumboni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba. Kamera yake inatazama ubavuni, si mbele, kwa sababu tunachokitafuta kiko ukutani: chuchu ndogo ambapo mrija wa nyongo kutoka kwenye ini na mrija wa kongosho hutolea maji yao. Chukulia nyumba mbili za kupanga zenye geti moja. Sisi tumekuja kwa nyongo, lakini geti likigongwa vibaya anayeamka ni jirani. Tunapitisha waya mwembamba, tunaingiza dawa inayoonekana kwenye eksirei, tunakata kidogo ule msuli unaobana mlango, kisha tunavuta mawe kwa puto au kikapu kidogo. Pale ambapo saratani imeziba njia, tunaacha stenti, yaani kijimrija cha kuiweka njia wazi, ili nyongo ipite. Kipimo hiki kilielezwa mara ya kwanza Marekani mwaka 1968, na ule ukataji wa msuli ulianza mwaka 1974 Ujerumani na Japani. Mtu aliyekuja na macho ya njano, homa na kutetemeka anaweza kuokolewa nacho siku hiyo hiyo.

Tatizo ni huyo jirani. Chuchu ikiguswaguswa huvimba, na maji ya kongosho yanakosa pa kutokea. Dawa ya eksirei ikisukumwa kwa nguvu kwenye mrija wake, au moto wa kukatia ukiusogelea, vimeng'enya vilivyotengenezwa kwa ajili ya kusaga nyama na mafuta ya chakula vinaamka vikiwa bado ndani ya kongosho na kuanza kulishambulia lenyewe. Kati ya wagonjwa 100 wanaofanyiwa ERCP, 3 hadi 10 hupata shida hii, na kwa walio kwenye hatari kubwa idadi hupanda zaidi. Wengi hulazwa siku chache wakapona. Wachache hulazwa wiki nyingi, na wachache sana hufariki.

Hapa niseme jambo kwa ndugu wa wagonjwa, hasa wa Iringa. Mkisikia kongosho limevimba, mnamgeukia mgonjwa: "Si tulikukataza ulanzi?" Ni kweli pombe huvimbisha kongosho, tena sana. Lakini lililovimba saa chache baada ya ERCP limevimba kwa sababu ya ERCP. Mwacheni mzee wa watu apumzike.

Nani yuko hatarini zaidi? Wanawake, vijana, aliyewahi kuvimba kongosho, na yule ambaye vipimo vyake vya nyongo kwenye damu ni vya kawaida. Ukiitazama vizuri orodha hiyo utaona jambo la ajabu: anayeihitaji ERCP kidogo ndiye inayemdhuru zaidi. Mzee wa miaka 75 mwenye mrija uliotanuka na macho ya njano hupita salama kuliko dada wa miaka 28 mwenye maumivu ya kuja na kuondoka. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni kutomfanyia asiyestahili. Dada huyo utrasaundi ikionyesha mawe kwenye mfuko wa nyongo, mrija haujatanuka, macho ni meupe na damu ni safi, anahitaji daktari wa upasuaji autoe mfuko. Kama bado kuna wasiwasi na mrija, apigwe MRI ya njia za nyongo, ambayo haigusi kongosho kabisa. Siku hizi ERCP ni ya kutibu. Kumpeleka mtu "wakaangalie tu" ni kumpeleka kubahatisha.

Sasa nije kwenye kidonge. Ni diklofenaki au indometasini ya miligramu 100, ile ya kuweka njia ya haja kubwa, ambayo hupewa mgonjwa muda mfupi kabla ya kuingizwa chumbani. Basi. Diklo hiyo hiyo mnayoijua kwa maumivu ya mgongo, na bei yake ukilinganisha na gharama za kipimo ni kama hakuna. Inazima mapema ule mnyororo wa kemikali unaogeuza kero ndogo ya kongosho kuwa moto. Mwaka 2012 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliofanywa kwa wagonjwa 602, wengi wao wa hatari kubwa: waliopewa indometasini kongosho lilivimba kwa asilimia 9.2, na waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 16.9. Miaka minne baadaye utafiti mkubwa wa China ukaonyesha kwamba kumpa kila mgonjwa kabla ya kipimo ni bora kuliko kusubiri kuona nani kapata misukosuko ndipo apewe. Miongozo ya Ulaya inasema hivyo hivyo: kila mgonjwa asiye na kizuizi.

Pamoja na ushahidi huo, huku kwetu kinachokwamisha ni aibu. Mama mmoja kutoka Tukuyu aliniinamia kabisa asisikike na mwanawe aliyekuwa mlangoni.

"Daktari, hakuna ya kumeza?"

"Ya kumeza ipo, mama, ila kwa kazi hii haijaonyesha kusaidia."

"Na sindano?"

"Waliothibitisha faida waliipitisha njia hiyo. Muuguzi atakuwa wa kike, na ni sekunde chache tu."

Akacheka, akasema basi sawa, ila nisimwambie mchungaji.

Wanaume wana kazi zaidi. Kuna mzee aliyekubali kumezeshwa mpira wa zaidi ya mita moja lakini kidonge chenye ukubwa wa ncha ya kidole akakikataa hadi mkewe alipoitwa. Ninachowaomba wauguzi ni kueleza mapema, faragha, wala si pale mgonjwa ameshavaa gauni la kijani na watu sita wamemzunguka.

Jambo lingine dogo. Kidonge hiki kimetengenezwa kiyeyuke kwa joto la mwili. Mbeya mjini hakina shida, baridi yetu inakitunza vizuri. Lakini kikikaa Kyela kwenye duka la dawa lenye paa la bati mwezi wa Novemba, utakikuta kimelegea ndani ya karatasi yake. Kiweke kwenye friji au maji baridi kabla ya kukifungua. Nimeona watu wakitupa dawa nzima kwa kudhani imeharibika.

Wapo wasiotakiwa kupewa: mwenye mzio wa diklofenaki au aspirini, mwenye pumu inayoamshwa na dawa hizo, mwenye vidonda vya tumbo vinavyotoa damu, mwenye figo zilizochoka, na mjamzito aliyefika wiki ya 30. Kwa hiyo sema magonjwa yako yote, hata yale unayoyatibu kwa mitishamba.

Kwa wasioweza kupewa kidonge, dripu ya Ringa lakteti kwa wingi ni kinga inayokubalika. Mtu wa kilo 60 hupewa mililita 180 kila saa wakati wa kipimo, mililita 1,200 mara baada yake, halafu tena 180 kila saa kwa saa 8. Ni maji mengi. Mwenye moyo dhaifu usimjaze hivyo. Na kwa aliyekwisha kupewa kidonge, utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2021 haukuona faida ya kumwongezea mafuriko hayo.

Mengine yamo mikononi mwa mpimaji: kutangulia na waya badala ya kusukuma dawa, kutong'ang'ania mlango uliogoma, na waya ukiingia kwa jirani mara kwa mara, kuacha kwenye mrija wa kongosho stenti ya plastiki isiyofika unene wa milimita 2 ili maji yake yaendelee kutoka. Mwaka 2024 utafiti wa wagonjwa 1,950 wa hatari kubwa ulionyesha kidonge peke yake kikiacha asilimia 14.9 wakivimba, na kidonge pamoja na stenti asilimia 11.3. Stenti hii hudondoka yenyewe mara nyingi, lakini si kila mara. Ukiwekewa, pigwa eksirei ya tumbo kati ya siku ya 5 na ya 10. Inaweza kupigwa Njombe au Iringa, si lazima urudi Dar. Hakikisha tu imeandikwa kwenye karatasi yako ya kutoka, maana isiyoandikwa husahaulika.

Halafu lipo suala la basi. Maumivu ya kongosho huanza ndani ya saa chache, kwa kawaida kabla saa 24 hazijaisha. Kutoka Dar hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800. Mgonjwa aliyepimwa asubuhi akapanda basi la usiku, maumivu yatamkuta Ruaha Mbuyuni au katikati ya mlima Kitonga, foleni ya malori mbele na nyuma, hospitali hakuna. Lala Dar usiku ule, kwa ndugu au gesti. Ukiumwa sehemu ya juu ya tumbo, maumivu yakichoma hadi mgongoni na ukatapika, rudi ulikopimwa, usinunue dawa ukasubiri asubuhi.

Na kwa madaktari wenzangu wa wilayani, mtakaompokea akiwa ameshasafiri: amilezi, kimeng'enya cha kongosho kinachopimwa kwenye damu, ikipanda kidogo baada ya ERCP ni jambo la kawaida, msimlaze kwa namba peke yake. Mtafuteni mwenye maumivu mapya ya kongosho na amilezi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida au zaidi, saa 24 baada ya kipimo. Huyo mpeni Ringa lakteti, dawa ya maumivu ya kutosha, pimeni mkojo wake kila saa, na akihisi njaa mpeni uji. Antibayotiki kama hana maambukizi hazimsaidii. Mkojo ukipungua au pumzi zikianza kuwa fupi, piga simu rufaa usiku huo huo.