Kolibri wa Cerro de Arcos na hesabu ya moto

Nikiulizwa kolibri ni ndege gani, huanzia kwa chozi, yule anayekuja kwenye ua la mgomba. Udogo ule ule, mng'aro ule ule, mdomo wa kunyonyea mbochi. Ila si ndugu. Chozi hutua kwanza ndipo anyonye. Kolibri, ndege wa bara la Amerika tu, husimama hewani mabawa yakivuma.

Yupo mmoja asiyeshika sana desturi hiyo. Anaishi Cerro de Arcos na vilima vya jirani, kusini mwa Ekwado, mita 3,200 hadi 3,700 juu ya usawa wa bahari. Huko hewa ni nyepesi na usiku ni baridi kali. Kupiga mabawa muda wote ni kula mtaji. Kwa hiyo hujishikiza kwa miguu kwenye ua la chukiraga, kichaka cha miiba chenye maua ya rangi ya chungwa, akanyonya akiwa ametulia. Dume ana kichwa cha kijani na koo la buluu iliyokolea, na koo hilo ndilo lililomtambulisha: mtaalamu wa ndege Francisco Sornoza alimwona mwaka 2017, na mwaka uliofuata akapewa jina la kisayansi, Oreotrochilus cyanolaemus.

Inakadiriwa hawazidi 750. Makazi yao yote ni kilomita za mraba 110 hivi.

Wengi hudhani adui ni shoka. Pale hapana msitu wa kukata. Adui ni kiberiti. Wafugaji huchoma nyasi kuukuu ili zichipue laini kwa ng'ombe, jambo ambalo mfugaji wa kwetu halimshangazi hata kidogo. Nyasi hurudi upesi. Chukiraga hairudi kwa mwendo huo. Ongeza misonobari inayopandwa, na dhahabu iliyo chini ya ardhi hiyo.

Mimi hupima hivi. Moto wa Kilimanjaro wa Oktoba 2020 uliunguza kilomita za mraba 95 hivi. Mlima ule ni mkubwa, na chozi wetu wa juu, yule wa kwenye malobelia, mimea mikubwa ya mlimani, alibakiwa na pande nyingine za kwenda. Ukiuhamishia moto huo Cerro de Arcos, zinabaki kilomita za mraba 15.