Je, wajua kwa nini malisho ya ng'ombe huwa na wadudu wa aina nyingi?

Malisho yakitazamwa kwa mbali huonekana kama uwanda mmoja wa nyasi, lakini kwa mdudu mwenye urefu wa milimita chache hayo ni makazi mengi yaliyopakana, kila moja likiwa na joto, unyevu na chakula chake. Sehemu kubwa ya tofauti hizo huletwa na ng'ombe mwenyewe.

Ng'ombe hana meno ya mbele katika taya la juu. Huzungushia fungu la nyasi ulimi, kisha hulivuta hadi likatike. Kwa hiyo hawezi kula nyasi karibu na ardhi kama kondoo, tena hukwepa zile zilizoota kando ya kinyesi, nazo hurefuka. Penye nyasi fupi jua hufika udongoni, na hapo panzi wengi hutaga, nao nyuki wasioishi kwa makundi huchimba viota. Viwavi na wadudu wafyonzao utomvu hupatikana zaidi penye nyasi ndefu, ambako mashina na maua yamesalimika.

Kinyesi chenyewe, ambacho wengi hukipita wakiziba pua, ndicho makazi yenye mengi zaidi ya kusimulia. Nzi hutua juu yake kikiwa bado na joto na kutaga kabla hakijafanya gamba. Mbawakawa hufuata harufu: baadhi huviringisha donge na kulipeleka mbali, wengine huchimba mashimo chini yake na kuteremsha chakula cha mabuu wao, na wengine huishi humo humo. Wapo pia wasiokula kinyesi kamwe, bali huja kuwinda mabuu wa nzi.

Australia iliona hasara ya kukosa mbawakawa wanaokula kinyesi cha ng'ombe. Ng'ombe walifikishwa huko mwaka 1788, ilhali mbawakawa wenyeji walizoea vidonge vikavu vya kinyesi cha kangaruu. Kinyesi cha ng'ombe kikarundikana na nzi wakazaliana kupita kiasi. Kuanzia miaka ya 1960 shirika la utafiti la CSIRO, kwa pendekezo la mwanasayansi George Bornemissza, liliingiza mbawakawa kutoka Afrika na Ulaya.

Miti iliyoachwa malishoni na kingo za vijito huongeza jamii nyingine kabisa, kama vile kereng'ende, ambao huanza maisha majini. Mifugo ikizidi, nyasi zote hulingana kwa ufupi. Ikiondolewa kabisa, nyasi ndefu au vichaka huweza kufunika kila mahali, na katika hali zote mbili makazi kadhaa hupotea. Dawa ya minyoo ya ivermektini nayo hutoka mwilini pamoja na kinyesi ikiwa bado na nguvu ya kuua mabuu kwa siku nyingi, na ndiyo sababu ni afadhali kuwatibu ng'ombe wanaoihitaji tu kuliko kundi zima kwa mpigo mmoja.